Duara kubwa kwenye sahani bado si ushahidi: uzi wa kupima karafuu, kaitosani na nyenzo mseto

#1 FundiMaabara

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye magrupu ya wajasiriamali na ya wanachuo inazunguka picha ya aina moja. Sahani ya petri, bakteria wametanda weupe, katikati kuna kidoa cha karatasi na kuzunguka kidoa kuna duara lililo wazi. Chini yake maandishi: "Mafuta yetu yameishinda antibayotiki." Wengi wanakuja maabara wakitaka na wao wapate picha yao. Mimi ni fundi sanifu, nashinda na sahani hizi, acha niseme ninavyoona. Picha ile inaweza kuwa na maana kubwa au isiwe na maana yoyote. Inategemea sahani zilizokaa pembeni yake ambazo hazikupigwa picha.

Nitatumia karafuu kwa sababu wote tunaijua na kemia yake haina utata. Sehemu kubwa ya mafuta yake, asilimia 70 hadi 90 hivi, ni yujenoli, ambayo ni fenoli. Fenoli hutoa haidrojeni yake kwa urahisi, ndiyo maana karafuu inafaulu karibu kila kipimo cha antioksidanti (kitu kinachozuia vingine visiharibiwe na oksijeni). Yujenoli hiyohiyo inaingia kwenye utando wa seli ya bakteria na kuuvuruga mpaka vilivyomo ndani vinavuja. Kwa hiyo kusema karafuu "ina kitu" si habari. Habari ni kiasi gani, kwa njia gani, na ukiichanganya na kitu kingine unapata nini ambacho hukuwa nacho mwanzo.

Tuanze na antioksidanti. Kipimo kinachopendwa ni DPPH, ambacho chanzo chake ni andiko fupi la Blois la mwaka 1958. Unga wake ukiuyeyusha kwenye methanoli unapata zambarau iliyokoza. Ukitia kitu kinachotoa elektroni au haidrojeni, zambarau inafifia na kuishia njano. Unaweka gizani nusu saa, unasoma kwenye spektrofotomita (mashine inayopima mwanga uliomezwa na rangi), nanomita 517. Ni rahisi, ni rahisi mno, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Majani mabichi ukiyachuja kwa methanoli yanatoka kijani kizito, na kijani hicho kinameza mwanga chenyewe. Kama hukuusoma mchujo wako peke yake bila DPPH ukatoa hesabu yake, hujui umepima nini. Wenye chembe nano (vipande vidogo mno) za fedha ndio kabisa: zile chembe zina kilele chao kati ya nanomita 400 na 450, na mkia wake unafika mpaka 517.

Halafu IC50, yaani kiasi kinachofifisha nusu ya rangi. Kwanza, namba ndogo ndiyo yenye nguvu (kila mwaka kuna mtu anaisoma kinyume mbele ya jopo). Pili, inabadilika kulingana na DPPH uliyoweka na muda uliosubiri. Usiilinganishe na namba ya andiko la nchi nyingine. Weka vitamini C au Trolox (ndugu wa vitamini E anayeyeyuka kwenye maji) siku hiyohiyo, kwenye trei hiyohiyo, ulinganishe na hiyo.

Sasa lile duara. Njia ya vidoa iliwekwa sawa na Bauer, Kirby na wenzao mwaka 1966 kwa ajili ya antibayotiki. Aga (jeli ya kuoteshea bakteria) ya Mueller-Hinton kina cha milimita 4, kidoa cha milimita 6, bakteria waliolinganishwa na ukungu wa McFarland 0.5, ambao ni kama milioni 150 kwa mililita, inkubeta nyuzi 35, saa 16 hadi 18. Vyote hivyo vimefungwa kwa sababu ukubwa wa duara unategemea dawa inavyosambaa ndani ya aga. Antibayotiki inayeyuka kwenye maji, inasafiri. Mafuta ya karafuu hayapendi maji. Yanaganda karibu na kidoa, mengine yanapaa kama mvuke chini ya kifuniko na kwenda kuwagusa bakteria wa upande wa pili wa sahani. Nimeona kidoa cha maji matupu kikiwa na "duara" kwa sababu jirani yake alikuwa mafuta.

Na hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Kidoa cha antibayotiki ya jentamaisini kina mikrogramu 10. Mtu anadondosha mikrolita 10 za mafuta ya karafuu, ambazo uzito wake ni kama miligramu 10. Hiyo ni mara elfu moja! Duara likitoka sawasawa, anaandika "sawa na jentamaisini".

Kama unataka namba ya kusimamia, pima MIC, kiwango kidogo kabisa kinachozuia ukuaji, kwenye trei ya visima 96. Unapunguza dawa nusu kwa nusu kutoka kisima kimoja hadi kingine, unatia bakteria wafike kama laki tano kwa mililita, unasubiri usiku mmoja. Mafuta yanahitaji msaada wa kuyeyuka, DMSO au Tween 80 kidogo, na kisima chenye msaada huo bila mafuta lazima kiwepo.

Kuna mtego hapo ambao watu wa nyenzo zenye antioksidanti wanaukanyaga sana. Kusoma trei wengi tunatumia rezazurini: ni ya bluu, bakteria hai wanaibadilisha kuwa waridi. Kinachoibadilisha ni kupewa elektroni. Antioksidanti yako kali nayo inatoa elektroni! Kisima kinageuka waridi, unaandika "bakteria wako hai", kumbe hakuna hata mmoja. Dawa ya mtego huu ni visima vyenye mchujo, supu (chakula cha majimaji cha bakteria) na rangi bila bakteria. Ukishasoma rangi, chukua tone kutoka visima vilivyobaki bluu upande kwenye aga mpya. Wakiota, uliwazuia tu. Wasipoota, uliwaua.

Ya nyenzo mseto (vitu viwili au zaidi vilivyounganishwa kuwa kimoja) nitaandika wakija wenye maswali, maana huko ndiko wengi wanaelekea siku hizi.

#2 Ngarawa_Mpya

Nimeweka kiti hapa. Elimu bure.

#3 binti_wa_moro

Shikamoo mkuu. Mimi niko mwaka wa mwisho, natengeneza utando wa kufungia nyama kutokana na kaitosani ya maganda ya kamba pamoja na mafuta ya karafuu. Kaitosani peke yake haitoi duara kabisa, nikiweka karafuu linatoka. Msimamizi amesema basi niandike kaitosani haina uwezo na karafuu ndiyo yote. Ni sawa?

#4 FundiMaabara

Marahaba mdogo wangu. Usiandike hivyo bado.

Kaitosani ni mnyororo mrefu. Haisafiri ndani ya aga, imekaa palepale ulipoiweka. Chukua koleo, inua kipande cha utando wako taratibu na uangalie chini yake. Kama aga iliyokuwa imefunikwa iko safi, kuna jambo linatokea pale inapogusa. Lakini usikimbilie kuandika kwamba inaua, maana hata kipande cha plastiki tupu kinaweza kuwanyima hewa na nafasi. Weka na plastiki tupu ulinganishe.

Jambo la pili, kaitosani umeiyeyusha kwenye asidi ya asetiki, asilimia 1 nadhani, kama wengi. Asidi hiyo ni siki, na siki inaua bakteria bila kuhitaji kamba wala karafuu. Kama hukuusawazisha utando kwa magadi ya NaOH ukausuuza, unapima siki. Ukishausawazisha nao unakutana na shida nyingine: kaitosani inafanya kazi ikiwa na chaji chanya, na chaji hiyo inapatikana kwenye uasidi, chini ya pH 6 na kidogo. Nyama mbichi iko karibu na 5.5 hadi 6, una bahati. Mwenye kutengeneza bandeji ya kidonda chenye pH ya juu hana bahati hiyo.

Kwa hiyo orodha yako ya sahani: utando wa kaitosani peke yake, utando uliosawazishwa, asidi peke yake kwa kiwango kilekile, mafuta peke yake kwa kiasi kilekile kilichomo kwenye utando, halafu mseto. Ukikosa kimoja huwezi kusema mseto umeongeza kitu.

Na hicho "kiasi kilekile" kina kisa chake. Ulimimina mafuta gramu ngapi si hoja, hoja ni yamebaki mangapi. Utando unakauka siku nzima kwenye tanuri, chumba kizima kinanukia karafuu. Harufu hiyo ni dawa yako inaondoka. Kata kipande, kiloweke kwenye ethanoli, pima yujenoli iliyotoka. Bila hivyo unalinganisha namba ya kwenye karatasi na kitu ambacho hakipo.

#5 binti_wa_moro

Nimeelewa, asante sana. Sasa kama duara halifai, nitumie kipimo gani? Nimeona watu wanataja ISO 22196.

#6 FundiMaabara

ISO 22196, kiwango cha kimataifa cha kupima nyuso zinazoua bakteria, imetoka kwenye kiwango cha Kijapani, JIS Z 2801. Unakata vipande vya sentimita 5 kwa 5, unadondosha mililita 0.4 za bakteria, unafunika kwa plastiki ya sentimita 4 kwa 4 ili tone litandae, unaacha saa 24 kwenye nyuzi 35 na unyevu mwingi. Kisha unasuuza na kuhesabu waliobaki. Jibu linatoka kwa logi: logi 1 ni asilimia 90 wamekufa, logi 2 ni 99, logi 3 ni 99.9. Imeandikwa kwa plastiki na nyuso zisizonyonya maji. Utando wako unanyonya, unavimba, tone lote linazama ndani. Ukisuuza, bakteria waliojificha humo hawatoki, unawahesabu kuwa wafu.

Kwa utando kama wako ningeenda na njia ya kutikisa chupa, ASTM E2149. Kipande ndani ya chupa yenye bakteria, unatikisa, unachukua sampuli kila baada ya muda na kuhesabu. Nayo ilikusudiwa kwa vitu vilivyoshikamana na nyenzo visivyovuja, wakati karafuu yako inavuja. Kwa hiyo andaa na chupa nyingine: loweka utando kwenye maji ya chumvi, utoe, halafu ndipo utie bakteria kwenye maji hayo. Wakifa, wameuawa na kilichovuja. Kwa kifungashio cha nyama si vibaya, ila mlaji ataila hiyo karafuu, na ladha utaijibia kwenye jopo.

Usisahau kuzima dawa kabla ya kuhesabu. Ukipanda sampuli moja kwa moja kwenye aga, mafuta uliyoyabeba yanaendelea kuua juu ya sahani. Supu yenye lesithini na Tween 80 inayazima.

#7 MamaSabuni_A

Habari zenu. Mimi natengeneza sabuni ya mlonge na mwarobaini Arusha. Nilipeleka sehemu fulani wakanipa karatasi ya duara la milimita 14. Naweza kuandika "inaua vijidudu 99.9%"? Wateja wanaiulizia hiyo.

#8 FundiMaabara

Mama, karatasi hiyo haina asilimia yoyote ndani yake. Milimita 14 ni umbali. 99.9 ni hesabu ya waliokufa ndani ya muda fulani, na mtu ananawa kwa nusu dakika, hasubiri usiku mzima kama sahani.

Halafu uliza walipima na sabuni yako isiyo na mlonge? Sabuni ya magadi ina pH 9 mpaka 10, hiyo peke yake inawakera bakteria. Kama sabuni tupu nayo inatoa milimita 13, mlonge umeongeza milimita 1, tena kwa rula ya plastiki.

Wamarekani walishapita njia hii. Mwaka 2016 mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, iliondoa sokoni viambato 19 vya sabuni za kunawia za "kuua bakteria", triklosani ikiwemo, kwa sababu watengenezaji hawakuweza kuonyesha zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Sabuni yako kama inatoa povu na haikwaruzi, uza kwa hilo. Tangu 2019 vipodozi viko TBS (shirika la viwango) na dawa ziko TMDA (mamlaka ya dawa). Ukiandika "inaua vijidudu" umejitoa mwenyewe kwenye meza moja ukajipeleka nyingine.

#9 MamaSabuni_A

Nimekusikia mwanangu, lebo zimeshachapwa lakini. Tutaona.

#10 Simba_wa_Yuda

Mleta mada unatukatisha tamaa. Bibi zetu walitibu kwa majani haya bila inkubeta wala rezazurini, watu wakapona. Mkishasoma mnadharau vya kwenu.

#11 FundiMaabara

Mkuu sijadharau. Nasema maabara inaweza kumwonea bibi pia. Bibi anachemsha kwa maji, mgonjwa anakunywa kikombe. Sisi tunakausha majani, tunayasaga, tunayaloweka kwenye methanoli, halafu tunatangaza matokeo kwa jina la dawa ya bibi. Maji na methanoli havitoi vitu vilevile. Mchujo wa methanoli ukifanya vizuri si ushindi wa bibi, na ukifanya vibaya si kosa lake.

Angalia Tu Youyou wa China. Michujo ya pakanga ilikuwa inatoa matokeo ya kupanda na kushuka. Akarudi kwenye maandishi ya kale ya Ge Hong, yanayosema mmea ulowekwe kwenye maji na kukamuliwa, si kuchemshwa. Akatumia etha inayochemka kwenye joto dogo, artemisinini ikatoka nzima. Nobeli 2015. Kwa hiyo ukileta mmea, andika bibi aliuandaaje: mbichi au mkavu, maji ya moto au baridi, gamba au mzizi, msimu gani. Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili wamekuwa wakifanya kazi ya kukusanya na kuchunguza maarifa ya waganga tangu miaka ya sabini, tangu ikiwa kitengo. Huo ndio mwendo.

#12 Simba_wa_Yuda

Hapo sawa.

#13 mtu_wa_Wete

Assalaam aleikum. Sie Wapemba karafuu tumezaliwa nayo. Nauliza, mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) na mafuta ya karafuu yenyewe ni sawa katika kuua vijidudu? Maana makonyo ndiyo ya bei nafuu.

#14 FundiMaabara

Waaleikum salaam ndugu yangu. Makonyo nayo yana yujenoli nyingi, tofauti iko zaidi kwenye vile vidogo vinavyoiandama, kama yujenili asetati ambayo kwenye kichwa cha karafuu ni nyingi zaidi. Kwa kuua bakteria ningeanza na makonyo bila wasiwasi. Kwa manukato mnunuzi atakukatalia. Ila pima yujenoli ya kila pipa, mitambo ya kukenekea haitoi sawa kila siku.

Na kwa wanaodhani nyenzo mseto ni mambo ya juzi: daktari wa meno akikuzibia jino kwa muda, ile harufu kali mdomoni ni yujenoli imechanganywa na unga wa oksidi ya zinki. Vikikutana vinashikana na kuwa kigumu. Mate yakiingia kidogo kidogo yanaiachia yujenoli, inatuliza na kuwazuia bakteria pembeni ya kizibo. Mseto ule unajulikana tangu karne ya 19, na kazi ya kila upande inaonekana: zinki inashika, karafuu inatoka taratibu. Kila nikipokea andiko la "chembe nano za karafuu" natafuta sentensi moja inayoeleza hivyo kwa uwazi. Mara nyingi haipo.

#15 Nyuki_Tabora

Mkuu na asali? Tunaambiwa ya miombo ni dawa. Tukitaka kuipima?

#16 FundiMaabara

Asali ni kazi ngumu kuliko mafuta, maana ina silaha nyingi kwa pamoja. Sukari inayonyonya maji ya bakteria, uasidi wa pH 3.5 hadi 4.5 hivi, na kimeng'enya cha nyuki kinachotengeneza haidrojeni peroksaidi pale asali inapozimuliwa. Baada ya hapo ndipo vije vya maua. Andaa asali bandia ya glukosi na fruktosi kwa vipimo vilevile, hiyo inakuonyesha sukari. Kisha gawa asali yako mafungu mawili, moja litie katalasi, inaila peroksaidi. Ikibaki na nguvu hata baada ya katalasi, una jambo la kuwaita watu. Manuka ya New Zealand ilijulikana hivyohivyo, ilibaki na nguvu baada ya peroksaidi kuondolewa, baadaye ikabainika ni methailiglioksali.

Usiipashe moto kabla, kile kimeng'enya kinakufa. Na mwanga nao unakiharibu, weka chupa ya rangi.

#17 Kijiwe_Online

Na juisi ya ubuyu na choya? Kuna dada anauza kopo anasema antioksidanti zake zinazuia saratani, ameweka na namba za maabara.

#18 FundiMaabara

Namba zinaweza kuwa za kweli. Choya ina antosayanini, ubuyu una vitamini C, DPPH itageuka njano mbele ya macho yako. Kutoka hapo kwenda saratani hakuna daraja. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali la nguvu za antioksidanti za vyakula, ORAC, ikaliondoa mwaka 2012 kwa sababu wauzaji walikuwa wanazitumia namba zile kutangaza faida ambazo hazikuwa na ushahidi mwilini. Na Finland, wavuta sigara zaidi ya 29,000 walipewa vidonge, baadhi beta-karotini ambayo ni antioksidanti. Matokeo ya 1994: waliopata beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, si pungufu, kama asilimia 18 zaidi.

Kunywa ubuyu mkuu, ni mtamu. DPPH inaweza kukupa dokezo kwa swali jingine: je, mafuta ya kula kwenye kifungashio hiki yatachacha haraka au polepole? Hapo antioksidanti inafanya kazi nje ya mwili na unaweza kuiona.

#19 binti_wa_moro

Mkuu samahani, la mwisho. Bakteria nitumie wa wapi? Rafiki yangu ana waliotoka kwenye nyama ya soko.

#20 FundiMaabara

Wote wawili. Anza na wa kumbukumbu, Staphylococcus aureus ATCC 25923 na Escherichia coli ATCC 25922, omba kwenye maabara ya chuo. Hao wana majibu yanayojulikana kwa antibayotiki, jentamaisini ikikupa duara nje ya kiwango kilichochapwa ujue sahani zako zote za siku hiyo ni za kutupa. Wa sokoni waje baada ya hapo. Tegemea E. coli atakusumbua kuliko mwenzake, ana utando wa ziada nje unaozuia mafuta kuingia.

Na hao wa nyama fanyia ndani ya kabati la usalama, si mezani kwenye bweni kama nilivyowahi kusikia. Sahani zilizotumika zinaingia otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo) nyuzi 121 kabla ya pipa. Mafuta yako yahifadhi kwenye chupa ya kahawia, imejaa mpaka shingoni, kwenye friji. Ukiona yamekuwa meusi, usipime nayo.